Sahani Zisizo na Majina

Sehemu ya tisa

Wewe uliyefutia kioo cha gari gazeti la wiki iliyopita, sogea nikukumbushe kwa ufupi, kisha tukae mezani.

Mimi ni muuza nyama. Au nilikuwa. Miaka kumi na tisa nyuma ya meza ya bucha, na mtaani nikiitwa Pua. Si kwa ukubwa, hii yangu ni ya kawaida kabisa. Ni kwa kazi yake. Ungeniletea nyama imefungwa kwenye karatasi, nikakwambia imechinjwa lini, imelala wapi, na huyo aliyekuuzia anakuheshimu au vipi. Majirani walikuwa wakiniletea hata maziwa niyanuse kabla hawajawapa watoto.

Kisha nikaanguka kutoka nyuma ya lori, nusu ya ng'ombe ikiwa begani. Mimi chini, yeye juu. Kisogo kikagonga ukingo wa barabara. Niliamka hospitali mzima kila kiungo, ila pua imezima na ulimi umezima. Daktari akasema huenda vitarudi, huenda visirudi. Akanipa vidonge vya kichwa.

Sikumwambia mtu. Hata mke wangu. Nikaendelea kufungua bucha kila asubuhi, nikikisia nyama kwa jicho na kwa kidole.

Miezi mitatu nilikisia vizuri. Mwezi wa nne jokofu likazima usiku kucha, likawaka tena alfajiri kama mume aliyerudi kwa kunyata, wala halikuniambia kitu. Nyama ya siku hiyo ililaza watu kumi na mmoja. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, siku tisa kitandani na dripu mkononi. Bucha likafungwa. Mke wangu akafunga mabegi.

"Wewe unayenusa maziwa ya jirani kupitia ukutani," aliniambia mlangoni, "leo utaniambia hukujua?"

Nikanyamaza. Niliona heri aniite muuaji kuliko ajue kwamba Pua hana pua. Huo ni ujinga, nimeshauandika humu wiki nane, msinipigie simu tena kunikumbusha.

Wiki iliyopita niliwaacha kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni kinyozi. Nimekaa kwenye kiti chake, wembe uko shingoni kwangu, akasema ana ujumbe kutoka kwa dada yake. Mkadhani ananichinja. Hapana. Alichosema ni kibaya zaidi.

"Dada anapika siku hizi," alisema. "Mgahawa wa mboga tupu. Hakuna nyama, hakuna samaki, yai lenyewe linaingia kwa kibali."

"Mboga?"

"Tangu siku ile hataki kuiona nyama. Tulia, shem, nitakukata. Jumamosi anahama. Mwenye mgahawa anafungua mwingine mji wa mbali, kamkabidhi jiko zima. Akienda hiyo Jumamosi, usimtafute tena. Ila kasema Alhamisi uende ukale kwake mchana. Mara moja tu."

"Nikishakula?"

"Kule sahani hazina majina. Wanakuwekea, unakula, unaandika kwenye kikaratasi umeonja nini. Kikaratasi kinapelekwa jikoni, mpishi anasoma. Ndiyo utaratibu wao, mpaka waheshimiwa wanaandika. Dada kasema hivi: atakachoandika nitakisoma. Nikiona kaandika kweli, nitatoka tuzungumze, na pengine nisiende. Nikiona ni yule yule wa uongo na mizaha, apanguse mdomo aende zake."

Mnaona? Mitihani yote iliyopo duniani, ya hesabu, ya kubeba magunia, ya kuhesabu mchanga, mimi nikapewa wa kuonja.

Mtaniuliza nilihisi nini. Ile siku ya lori pua haikuzima peke yake. Kuna kitu kingine humu ndani kilizima pamoja nayo, sijui kinaitwaje, daktari hakukipiga picha. Nilisikiliza habari ya kumpoteza mke wangu Jumamosi kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine. Nikamwambia shemeji amalizie upande wa kushoto.

Alhamisi saa sita na nusu tulikuwa mlangoni, mimi na yeye. Alijileta mwenyewe. Alisema amekuja kunipa moyo, lakini alikuwa hajanywa chai tangu asubuhi.

Pale zamani palikuwa karakana ya baiskeli. Kuta zimepakwa chokaa, meza kumi na mbili za mbao nyeupe, na kwenye dari zimebaki zile ndoano za chuma za kutundikia baiskeli. Sasa zinaning'iniza mafungu ya majani makavu. Nikaziangalia ndoano zile nikawaza ningetundika paja hapa, ubavu pale. Mazoea.

Mhudumu alikuja, dada mmoja mwenye miwani mikubwa na sauti ya maktaba.

"Karibuni. Kuna kitu hamli?"

"Mboga," nikasema.

Shemeji akanikanyaga chini ya meza. Mhudumu hakucheka. Alituwekea kalamu moja na vikaratasi vyeupe, akaondoka.

Sahani ya kwanza ilifika. Kipande kimoja chekundu, kimelala kwenye damu yake, kimekaangwa juu kikaacha weusi. Ningeapa ni nyama ya paja. Nilikigeuza kwa uma. Nikakibonyeza. Ilikuwa bitiruti, lakini tazama alivyoikata: mshazari, kukata nyuzi, si kufuata nyuzi. Bitiruti haina nyuzi za kuogopa. Huo mkono nilimfundisha mimi, mwaka wetu wa kwanza, nimesimama nyuma yake nimemshika kiwiko.

Nikaiweka mdomoni. Vuguvugu. Laini. Basi.

Sasa niwafundishe ufundi wangu wa mwaka ule. Mtu asiyeonja hali kwa mdomo, anakula kwa sura za wenzake. Unatafuna polepole, unamtazama jirani. Akikunja uso, nawe unakunja. Akisema ah, nawe unasema ah, umechelewa kidogo tu, kama mtu mwenye adabu.

Shemeji alitafuna. Nyusi zikapanda.

"Mh! Shem! Chachu mwanzoni, halafu moshi unakuja nyuma."

"Chachu," nikasema. "Halafu moshi."

Akaandika, nami nikaandika hivyo hivyo. Mhudumu akachukua.

Sahani ya pili haikuwa sahani, ilikuwa glasi ya povu la kijani. Chini ya povu hamna kitu. Shemeji aligeuza glasi akatazama kitako chake.

"Tumelipiwa kuja kula hewa?"

"Kula, kinyozi."

Akalamba. "Tango. Tango, ndiyo. Na... ngoja... kuna pilipili, ila inachelewa. Hiyo! Imefika! Maji, jamani!"

Akakohoa. Nami nikakohoa, kwa hesabu. Mdomoni mwangu kulikuwa na ubaridi wa kitu kinachopasuka na kuisha, kama kutafuna ukungu wa kioo. Nikaandika: tango, na pilipili inayochelewa. Vikaratasi vikaenda jikoni.

Mhudumu alirudi, lakini mikono mitupu.

"Samahani, jikoni wameuliza. Nyinyi wawili mnaonja kwa ulimi mmoja? Maneno yenu yanafanana. Mpishi anaomba kila mtu aandike yake bila kusemeshana."

Shemeji akanitazama. Nikatazama ndoano.

Hapo hapo simu yake ikalia. Akasikiliza, akashika kichwa.

"Yule mteja! Nilimwambia nakuja sasa hivi. Nimemwacha nusu kichwa!"

"Umemwacha mtu nusu kichwa ukaja kula?"

"Nilidhani ni sahani moja! Usile kitu, shem, nakwenda nje kuzungumza naye, kelele zitakuwa nyingi."

Akatoka. Nikabaki peke yangu na ulimi wangu, yaani nikabaki peke yangu kabisa.

Mhudumu alikuja tena. Aliweka kibao cha mti, juu yake kipande kimoja cheupe, mviringo, kinang'aa, kimegandamizwa jani dogo la kijani katikati kama muhuri. Pembeni akaweka bakuli la maji ya moto kiasi, maua madogo ya njano yanaelea. Alisema maneno. Alisema kwa ile sauti yake ya maktaba, nami sikuwa pale. Mlango wa jikoni ulikuwa umefunguka nusu, na nilikuwa nimeona kiwiko. Kina alama ya kuungua, ya mafuta, miaka sita iliyopita. Mlango ukajifunga. Nilipogeuka, mhudumu hayupo.

Sura ya shemeji haipo. Ya jirani yeyote anayekula kitu hiki, haipo. Nikasema basi, nitaandika mwenyewe.

Nilikikata kwa kisu. Kilikatika vizuri, kama mafuta ya kidari yaliyogandishwa. Nikachoma kipande kwa uma, nikatia mdomoni.

Laini mno. Kinateleza. Nilipotafuna kikaanza kutoa povu, povu jingi, linapanda mpaka kwenye mashavu. Nikasema ala, hapa mke wangu kafanya kazi! Mara ya kwanza povu lilikuwa kwenye glasi, sasa kalificha ndani ya kitu kigumu, mtu alitengeneze mwenyewe kwa meno yake. Akili hii ilikuwa imelala nyumbani kwangu miaka yote hiyo mimi nikimletea maini.

Nikakila chote. Nikashushia supu yake, maua na yote.

Meza ya pili alikuwa mama mmoja na mumewe. Mama yule alikuwa amesimamisha uma hewani, kitu kinadondoka kutoka kwenye uma na hajali. Nikamtabasamia. Kiputo kimoja kikatoka mdomoni kwangu, kikapaa, kikapasuka juu ya chumvi.

"Tamu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama unavyomwitikia mgonjwa.

Nikachukua kalamu. Kwa mara ya kwanza siku ile niliandika la kwangu mwenyewe, na niliandika kwa moyo. "Hiki kimeshinda vyote. Laini, kinayeyuka, ladha yake inakaa mdomoni. Supu nyepesi, maua yameiva sawasawa. Naomba kingine."

Mhudumu alifika na taulo mkononi, na sinia la mikate myembamba iliyokunjwa. Akachukua kikaratasi. Akatazama kibao. Akatazama bakuli. Akanitazama.

"Kaka, sabuni iko wapi?"

"Sabuni ipi?"

"Ya kunawa. Nilikwambia, inayofuata inaliwa kwa mkono."

Tumboni kitu kikasema blup.

Akainua kikaratasi karibu na miwani, akasoma mpaka mwisho. "Naomba kingine," alirudia, kwa sauti ile ile, bila kucheka. Huyu dada angefaa kuwa hakimu.

"Hicho nirudishie, nakuomba."

"Samahani. Kikishaandikwa ni cha mpishi."

Akaingia nacho jikoni.

Sufuria zilikuwa zinagongana kule ndani tangu tumefika. Zikanyamaza. Kisha mlango ukafunguka wote.

Mke wangu. Aproni ya kijivu, kitambaa kichwani, vikaratasi vitatu mkononi. Miezi kumi na moja sikuwa nimemwona. Alikuwa amepungua mabega. Nilingoja moyo uruke. Moyo ukakaa pale pale ulipokaa, kama mzee kwenye foleni.

Wakati ule ule shemeji akaingia kutoka nje, anapangusa jasho.

"Nimemwambia avae kofia mpaka kesho," akatangaza. Kisha akamwona dada yake. "Oh."

"Wewe kaa kule," dada yake akamwambia, wala hakumtazama. Akakaa kule.

Mke wangu akasimama mbele ya meza yangu.

"Umekula sabuni."

"Ndiyo."

"Ukanywa maji ya kunawa."

"Sikujua."

"Ukaandika unataka nyingine."

"Iliniingia vizuri," nikasema. Mdomo wangu huu, ungekuwa mbwa ningeufunga kamba.

Macho yake yakawa madogo.

"Basi nimeelewa. Nimekuita uje useme kweli, siku moja, kwenye karatasi, hata kuniangalia huhitaji. Wewe umekuja kunichezea mchezo mbele ya wageni wangu. Chakula chako ni sawa na sabuni, ndiyo ulitaka kuniambia, si ndiyo? Na hivi viwili!" Akavitupa mezani. "Chachu, moshi, pilipili inachelewa. Haya ni maneno ya kaka yangu, nimekua naye, namjua anavyosema. La kwako liko wapi?"

"Hilo la sabuni ni la kwangu."

"Ndivyo ulivyowafungia watu nyama. Unacheka huku unafunga." Akavuta pumzi. "Nenda nyumbani, baba. Jumamosi naondoka."

Akageuka.

Kutoka meza yangu hadi mlango wa jikoni ni hatua tisa, nilikuwa nimezihesabu. Alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijua akimaliza hizo sita zilizobaki nimemkosa maisha. Nililijua hilo kama unavyojua ni saa ngapi. Halikuuma.

"Sina pua," nikamwambia mgongo wake.

Akasimama.

"Nini?"

"Haifanyi kazi. Na ulimi haufanyi kazi. Tangu lori."

Akageuka na kicheko kidogo kibaya. "Hicho ni kichekesho cha pili?"

"Cha kwanza hakikuwa kichekesho. Nilikula sabuni yako nikaona ni chakula."

Kisha akaenda jikoni, hatua sita zote, akarudi na kijiko kimejaa amekiziba kwa kiganja.

"Fumba macho. Fumbua mdomo."

Nikafumba, nikafumbua, kama mtoto anayepewa dawa. Kitu kikaingia. Nikatafuna.

"Ni nini?"

"Kina unyevu. Chenga chenga kama mchanga. Ukiniambia ni sukari nitasema asante."

"Macho yako yanatoka machozi."

"Yanajitoa yenyewe. Mimi simo."

Kutoka kule alikokaa, shemeji akapiga kelele. "Dada, hiyo ni pilipili ya kusaga! Kijiko kizima! Utamuua!"

Mke wangu akavuta kiti, akakaa. Mhudumu alikuja na maji, nikanywa kwa sababu yalikuwepo.

"Tangu lori," alisema taratibu. Akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya meza. "Lori, halafu ule mwezi, halafu ule mwingine. Miezi mitatu na siku. Ulikuwa unawauzia watu kwa kubahatisha."

"Ndiyo."

"Sisi wenyewe tukila."

"Ndiyo."

"Nikafunga mabegi mbele yako. Nikakuita muuaji, mtaa mzima unasikiliza. Ukanyamaza tu."

"Ilikuwa rahisi zaidi."

Nilijiandaa kwa hasira. Nilijiandaa hata kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi kwa mtu aliyezoea kuogopwa na nzi. Havikuja vyote viwili. Rangi ilimtoka usoni, kuanzia mdomoni, ikashuka. Akashika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo hukujua," alisema.

"Sikujua."

"Kweli kabisa hukujua."

"Mke wangu, nimekula sabuni."

Akainamisha kichwa, nikadhani analia. Alikuwa anazungumza na kitambaa cha meza, kwa sauti ndogo mpaka nikainama.

"Ile ya mama. Uliifunga wewe, nikaipeleka mimi, nikaipika mimi jikoni kwake. Nilipofungua karatasi, niliinusa."

Nikangoja.

"Harufu ndogo. Nikairudisha puani mara ya pili. Nikasema, aa, mimi nani? Mume wangu ndiye Pua. Kaishika yeye, kaifunga yeye, kasema nzuri. Hii pua yangu ina mafua. Nikaikamulia ndimu nikaitia sufuriani." Akameza mate. "Nikampakulia mama sahani imejaa. Mimi nikasema nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Hapana."

Mume wa yule mama wa meza ya pili aliomba chumvi. Mtu akampa chumvi.

"Miezi kumi na moja," alisema, "nilikuwa nataka mmoja wetu awe alijua, na asiwe mimi."

Nilijipapasa kutafuta hasira. Kila mtu angekuwa nayo pale. Nilitafuta kama unavyotafuta funguo, mfuko huu, mfuko ule, ukajua kabisa ulikuwa nazo ulipotoka nyumbani. Hamna. Nikamsogezea glasi ya maji.

Akaitazama saa ya ukutani, akashtuka.

"Saa nane! Mama anakuja. Nilimwalika mimi. Nilisema ukiandika kweli akukute hapa tuyamalize." Akanishika mkono, kwa nguvu, vidole vya mtu anayeshika kisu kutwa. "Nisikilize. Nikikuta mama ananitazama kama alivyokuwa anakutazama wewe, sitaweza. Atakuuliza kama ulijua. Mwambie ulijua."

"Unataka niseme uongo?"

"Umeshaubeba huo mzigo, umeuzoea. Mwambie ulijua, na Jumamosi siendi. Narudi nyumbani. Leo leo narudi."

Mtu aliyeniita nije niseme kweli ndiye huyu. Nikamwangalia, na sikuona mlaghai. Niliona mtu anayezama anayeshika kilicho karibu, na kilicho karibu nilikuwa mimi. Na mnajua nilikuja pale kwa ajili gani. Kila usiku nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda, ule wa kwake nimeuachia.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Mama mkwe wangu alikuwa akitembea kama askari kabla ya zile siku tisa. Sasa ana fimbo. Shemeji akaruka kumpokea, akasukumwa pembeni kwa ile fimbo. Akaja moja kwa moja mezani kwetu, akakaa, akaiweka fimbo magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Umekonda."

"Chakula hakinipandi, mama."

"Mh." Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa anakunja kikaratasi kidogo, kidogo zaidi. Akarudi kwangu. "Sikuja kula. Nina neno moja limenikaa. Siku ile mezani tulikuwa wawili, aliyekula ni mmoja. Wa kwangu sitaki kumuuliza, nimemzaa, naogopa jibu lake. Nakuuliza wewe. Ile nyama, ulijua?"

Chini ya meza mkono wa mke wangu ulikuwa bado umenishika. Ulikuwa wa moto. Hilo nilikuwa nalisikia vizuri, moto na baridi vilinibakia.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilijua."

Mke wangu akaachia pumzi. Nikaisikia ikitoka yote.

Mama mkwe hakupiga kelele. Hakuinua fimbo. Alikaa akitikisa kichwa taratibu, mpaka nikadhani limekwisha, tumepona, leo nalala na mke wangu.

"Sawa," akasema. "Mimi siku ile nilisikia kitu chini ya ndimu. Nikadhani ni ndimu yenyewe imezeeka. Mpaka leo nikifumba macho kinanijia, na sijamwambia mtu yeyote ni harufu ya nini." Akaegemea mbele, macho yake kwenye yangu. "Wewe ndiye Pua. Wewe uliinusa kabla ya ndimu. Nitajie, mwanangu. Ilikuwa inanuka nini?"

Nyama inayoharibika ina harufu mia. Kuna ya chuma chenye kutu, kuna ya maziwa yaliyoganda, kuna ya nguo iliyoanikwa ikanyeshewa, kuna mpaka ya maua. Zote nazijua. Hiyo moja, hiyo ya siku hiyo, sikuwahi kukutana nayo.

Mezani tulikuwa watatu. Wawili walikuwa wanalijua jibu. Mmoja alikuwa ananisubiri, na mwingine alikuwa amekwisha kuutoa mkono wake.